Siku Jumba la Sanaa Lilipopeleka Posa Chiungutwa

Msanii mgeni akifika Newala, kitu cha kwanza nilichomfundisha hakikuwa tezo wala brashi. Kilikuwa ndoo. Namkabidhi ndoo moja ya maji, namwambia: hii ndiyo siku yako nzima. Utaoga humo, utafua humo, na maji yatakayobaki baada ya kufua yatalowesha gunia la kufunikia mti wako. Mswaki unapigwa kwa kikombe.

Mchoraji mmoja wa Dar es Salaam alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. Kesho yake alfajiri akaoga ndoo yote huku akiimba. Jioni akaja na kikombe kuomba maji ya chai.

"Kayachukue pale ulipoyamwaga," nikamwambia.

Hakuimba tena mpaka anaondoka. Sikuwa mlezi mpole, na akitokea mtu kuwaambieni nilikuwa mpole, huyo hakukaa kwangu.

Nayaandika haya kwa sababu mnakuja hapa na pikipiki zenu na simu zenu, mnakaa barazani, mnaniuliza, "Mzee, vyeti vyako vya ualimu wa sanaa viko wapi?" Sina. Nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, kwa sababu mwalimu alinikuta nimechonga uso wake kabisa, kwenye dawati, na masikio nilikuwa nimeyapatia. Basi. Lakini wasanii wenye shahada walilala kwenye vitanda nilivyovipiga msumari mimi, wakaamka kwa sauti yangu, wakajifunza kunoa kwa jiwe langu. Nimejenga nyumba ya bati kwa mikono hii, nimesomesha watoto. Simwonei mtu haya.

Na kila mara mkishamaliza vyeti mnaniuliza habari ya Lidia. Msichana wa kijiji cha Chiungutwa, huko chini ya mlima, aliingiaje kwenye kambi ya wachongaji wakati kuchonga ilikuwa kazi ya wanaume? Nitawaambia. Lakini kwanza mjue kambi yenyewe ilikuwa nini, maana naona wengi mnadhani ilikuwa shule.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla yake kulikuwa na shirika la serikali likija kununua vinyago vyetu kwa bei yake, linapakia, linaondoka, nasi hatukujua vinakwenda kukaa wapi. Likafa. Soko likawa huria, barabara ikajaa malori ya watu binafsi, la korosho hili, la mitumba lile, na nyuma yake anashuka mfanyabiashara anasema, "Nataka twiga, magunia mawili." Hasemi twiga wangapi. Magunia! Watu wakaanza kuchonga twiga kama wanaomenya muhogo. Mpingo ukawa haba, wakachukua miti myeupe wakaipaka dawa ya viatu. Mzungu mmoja alinunua, akatoka kwenye jua kali na kinyago kifuani, mikono ikamtoka jasho, na alipofika kwenye gari vidole vilikuwa vyeusi kama vya mbangua korosho. Alirudi kudai. Muuzaji akamwambia huo ni utamaduni.

Ndipo mtu mmoja wa hapa hapa Newala, aliyekaa mjini miaka mingi, akarudi na akili mpya na wafadhili wake. Akachukua jengo lililokuwa duka la ushirika, rafu tupu tangu zamani, akalipaka chokaa, akatundika picha mbele na kuweka vinyago, na nyuma akajenga vyumba vitano na banda la kazi. Tukaliita Jumba. Kila msimu wasanii watano wanakuja, wachongaji na wachoraji, wanakaa miezi, wanakula, wanafanya kazi, wanajifunza yale ambayo mtu hajifunzi akiwa peke yake na njaa yake. Mwisho wanafanya maonyesho. Kwenye karatasi za wafadhili jambo hilo lilikuwa na jina refu lenye "kujiendeleza kitaaluma" ndani yake. Sisi tuliita kambi. Watu wa sokoni waliita hospitali, kwa sababu waliona watu wazima wasio na shamba wamekaa kivulini wanautazama mti kutwa nzima bila kuugusa.

"Wanaendeleaje wagonjwa wako?" muuza dagaa aliniuliza kila Jumamosi.

"Wawili wamepata nafuu," namjibu. "Mmoja ameanza kula."

Mimi nilikuwa fundi mlezi. Kazi yangu ilikuwa tezo, patasi, tupa, msasa, na kuzuia watu wasiharibu mpingo. Mpingo ni mti wa hasira. Ukiukata mbichi ukauacha juani unapasuka, na unapasuka pale pale penye pua. Bwana mmoja wa Mwanza, mchongaji hodari kwa miti ya kwao, alimaliza kichwa cha mama yake, akakianika juu ya bati kikauke kama makopa ya muhogo. Saa ya chakula tukasikia *ta!* Akasema, "Nani amevunja kijiti?" Nikamwambia, "Mama yako." Kichwa kilikuwa na ufa kuanzia utosini mpaka kidevuni.

Basi shikeni hili, ni la bure. Ukishakata gogo, ncha zote mbili paka nta siku ile ile. Weka kivulini. Usiku funika kwa gunia lililolowa, mchana funua kidogo, kama unavyomzoesha mtoto mchanga upepo. Ile nyama nyeupe ya nje usiitoe yote kwa pupa, iache ilinde moyo mweusi mpaka umbo limetulia. Na noa kabla hujaanza, si baada ya kukasirika. Tezo butu halikati mti, linatafuta mguu.

Hayo nilifundishwa na mjomba wangu, kaka wa mama, mtu wa maneno machache kuliko mawe. Hakuwahi kuniambia nimekosea. Alikuwa na fimbo ya mwanzi, anagonga mahali penye kosa, kisha anakwenda zake kuvuta tumbaku. Unabaki pale kutafuta mwenyewe kosa ni nini. Siku moja aligonga, nikatafuta mpaka jua linazama, sikuona kitu. Nikamfuata. Akasema, "Hapo nilikuwa naua siafu."

Nani mwingine alinifundisha? Mama Neema. Nasema bila aibu. Mama Neema alikuwa mratibu wa kambi, mtu wa Moshi, mwembamba, mwenye mkoba mkubwa na sauti kubwa kuliko mkoba. Yeye alifundisha upande wa maneno: jinsi ya kupiga picha kazi yako mbele ya shuka jeupe, jinsi ya kuipa jina, jinsi ya kusimama kando yake mgeni akija na kusema kitu. Mara ya kwanza alinisimamisha mimi mbele ya wote ili niwe mfano.

"Mzee, kazi hii inahusu nini?"

"Inahusu unga wa nyumbani kwangu."

"Hapana. Mimi ni mgeni, nimetoka mbali. Nieleze."

"Kama umetoka mbali na macho unayo, tazama."

Wakacheka wote. Yeye hakucheka. Akasema, "Mzee, yule wa magunia mawili naye ana macho. Ukinyamaza, yeye ndiye atakayesema kazi yako ni nini. Na atasema ni twiga."

Hilo liliniingia. Toka siku hiyo nilijifunza kusema, na leo mnaona mkono unavyokimbia kwenye karatasi hata kusimamisha siwezi. Haya, Lidia.

Alikuja asubuhi moja na mwiko. Mwiko wa kawaida wa ugali, ila mpini wake ulikuwa na uso wa mwanamke amefumba macho kwa moshi. Moshi haukuwepo, lakini uliuona. Nikageuza mwiko, nikatafuta kosa. Nikauliza nani amechonga.

"Mimi, fundi."

"Baba yako hakukusaidia?"

"Baba anachonga vinu na mipini ya majembe. Nyuso hawezi."

Nikamwambia ukweli kama nilivyoujua. Kwetu juu huku wanawake wanafinyanga, wanaume wanachonga. Mke wangu, Mama Hadija, ni mfinyanzi, na mimi sijawahi kugusa udongo wake. Sikujua nimfundisheje msichana.

"Nifundishe vibaya basi," akasema. "Nitajirekebisha mwenyewe."

Nikampa tezo zito na kipande cha mpingo kigumu, nikijua malengelenge yatamfukuza kabla ya adhuhuri. Jioni nikamkuta amejifunga vipande vya kanga mikononi, anaendelea. Nikaenda kwa Mama Neema. Nikamwambia, kuna kitanda kimoja kipo wazi, mpe huyu.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanyika mimi niko Mtwara kutafuta msasa. Mama Neema alifanya kila kitu kwa adabu. Alipanda gari mpaka Chiungutwa, akapeleka sukari na sabuni, akakaa na baba yake Lidia, akamweleza habari ya kambi. Baba akafurahi, akasema mchukueni, na iwe heri. Mama Neema akarudi anang'aa. Kwao Moshi, baba akishasema, mambo yamekwisha.

Lakini huku kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wayao, sote sisi, mtoto ni wa upande wa mama. Na mwenye mtoto ni mjomba.

Lidia alishaanza kazi yake kubwa. Mwanamke amekaa chini anabangua korosho, gogo zuri jeusi, mgongo umeshatokea, mkono wa kulia umeshika nyundo. Ndipo siku moja akashuka kwenye lori la korosho mzee mmoja mrefu, kofia mkononi. Akamsalimia kila mtu. Akakubali kiti. Akakubali hata maji, na akayanywa taratibu akiyasifu, anajua maji ya Newala yanavyopatikana. Kisha akasema, "Lidia, funga mzigo."

"Shikamoo, mjomba," Lidia akasema, sauti imekwisha.

"Marahaba. Funga."

Mama Neema akasimama. "Lakini, mzee wangu, baba yake ametukubalia!"

"Baba yake ni mtu mzuri sana," mzee akasema. "Ni mgeni wetu, tangu alipooa. Tunampenda."

Wakaondoka. Lidia hakulia. Alinitazama tu na kulitazama gogo lake, na mimi nilielewa. Mpingo ule ulikuwa katikati, umefunuliwa tumbo, ndio wakati mbaya kuliko yote. Ukikauka bila mtu, ufa unapita kwenye shingo ya yule mwanamke na mchezo umekwisha. Nikalifunga gogo kwa gunia. Nikaanza kulilowesha kwa ndoo yangu mwenyewe, kila siku, mpaka Mama Hadija akauliza kama nimepata mtoto wa nje anayeoga sana.

Nikasema nitakwenda mimi. Yule mzee, jina lake Danieli, ni Mmakua, na mimi Mmakonde, na sisi ni watani. Mtani unamwingilia nyumbani, unamtukana, unakula chakula chake, hana la kufanya. Nikajiona nimeshashinda. Nikapanda lori, nikashukia Chiungutwa, nikamkuta anapalilia chini ya mikorosho.

"We Mmakua!" nikaita. "Nimesikia harufu ya panya wa kuchoma nikajua nyumba yako ni hii."

Hata hakuinua kichwa. "Mmakonde, karibu. Umeshuka kutafuta maji? Watu gani ninyi mnapanda kukaa juu ya mlima, mnasahau kuchukua mto?"

"Tulipanda ili upepo utukinge na ninyi."

"Na meno umeyaacha wapi? Babu zako waliyachonga kwa patasi. Sasa nasikia mmeishiwa meno, mnachonga watoto wa watu."

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Tukala ugali na kisamvu, akanitukania mama wa mama yangu, nikamtukania wake. Jua likaanza kushuka. Nikasema, "Sasa, mtani, yule mtoto."

Uso wake ukajifunga kama mlango.

"Yule mtoto sijaulizwa."

"Ndiyo nimekuja kuuliza."

"Wewe? Wewe ni mtani. Ukisema 'ndiyo' nacheka, ukisema 'hapana' nacheka. Sasa sikiliza, Mmakonde. Mnataka mtoto wa dada yangu. Akalale kwenye nyumba yenu, ale chakula chenu, abadilike mikono, arudi si yule niliyemtoa. Sisi mtu akitaka mtoto wetu namna hiyo anafanya nini?"

Nilijua.

"Anatuma mshenga," akasema. "Mshenga wenu yuko wapi?"

Nilirudi Newala na jibu hilo. Mwenye Jumba alicheka mpaka akakohoa. Mama Neema hakucheka. Akatoa kalamu, akauliza, "Mshenga anavaa nini?" Ndiyo maana nampenda mwanamke yule mpaka leo. Nikamwambia mshenga havai kitu, mshenga ana mdomo. Na mdomo ninaoujua kuliko yote upo nyumbani kwangu.

Mama Hadija alikubali kwa sharti moja tu, kwamba nisifungue kinywa. Tukaenda watatu. Mimi nilikaa mlangoni kama mzigo. Mama Neema alikaa mkekani amejifunga kanga, kichwa chini, kwa sababu yeye sasa ndiye alikuwa mposaji kwa niaba ya Jumba, na mposaji hapayuki. Ilimtesa. Niliona mishipa ya shingo imemsimama.

Mama Hadija akala kwanza. Akasifu kisamvu. Akauliza habari za mikorosho, za ukungu wa majani, za wanunuzi wa malori wanaopima kwa mizani yao wenyewe. Nikadhani amesahau kilichotuleta. Kisha akafuta mikono akasema:

"Mzee wetu, tumepita njiani tukaona kwenye boma lako kuna jembe jipya limeegemea ukuta. Sisi shamba letu ni gumu. Tunaomba kulilimia msimu mmoja. Tutalirudisha."

Mzee Danieli akaangalia dari. Nyuma ya ukuta wa mwanzi nikasikia mtu amezuia pumzi. Huyo alikuwa Lidia.

"Likirudi limevunjika mpini?" mzee akauliza.

"Sisi ndio tunaochonga mipini, baba."

"Na likirudi butu?"

"Butu mtalijua, maana litakuwa linalala. Likirudi limenolewa, nalo mtalijua. Litawakata."

Nilitamani kupiga makofi. Mke wangu akanitupia jicho, nikaitazama miguu yangu.

Dada yake, mama wa Lidia, akaleta maji, akaondoka. Mzee akayanywa, kisha akasema hataki mahari ya mkononi. Anataka mahari ya macho. Lidia arudi kambini kwa muda. Lakini maonyesho, kabla hayajaonekana na mgeni yeyote wa mjini wala mzungu yeyote, yaje kwanza hapa Chiungutwa. Yote, ya wasanii wote, wanakijiji wayaone. "Binti haolewi gizani," akasema. "Nikiona kazi, atabaki huko mpaka mwisho, na akitaka kuendelea na ufundi huo maisha yake yote sitamzuia. Nikiona upuuzi, anabaki nyumbani, na palizi inamsubiri."

Mama Neema alishawaalika wageni wake wa mjini kwenye maonyesho ya Newala. Hata hivyo akafungua kinywa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Tumekubali, mjomba."

Alimwita mjomba. Hakuna aliyemfundisha.

Lidia akarudi, na wakati ulikuwa umetuponyoka. Wenzake wanne walikuwa wanasugua msasa, wengine wameshafika kwenye kung'arisha. Yeye ana mgongo, ana mkono wa kulia, ana uso nusu. Alifanya kazi kimya, tezo likisema peke yake kwenye banda. Uso ukatoka. Kanga kiunoni ikatoka, mikunjo na yote. Mkono wa kushoto, ule unaoishika korosho chini ya nyundo, ukabaki ndani ya gogo.

Yule wa Mwanza alisema, "Tugawane. Fundi afanye vidole, mimi nisugue mgongo, kesho kimekwisha." Nami, sisemi uongo, nilishachukua patasi. Lidia akaweka kiganja juu ya gogo.

"Fundi, ukikimaliza wewe, mjomba atakuruhusu wewe ubaki."

Nikairudisha patasi mfukoni. Nikawaambia wengine watafute kazi zao. Usiku nilimwambia Mama Hadija kwamba tumeshindwa, kwa sababu nani anapeleka mahari nusu? Akasema, "Lala."

Tukafunga kazi zote kwa magodoro na magunia, tukazipakia kwenye pikapu ya Jumba, tukateremka. Chiungutwa kulikuwa na ghala la chama cha ushirika, la matofali, limebaki tupu tangu wanunuzi wa malori walipoanza kununua korosho majumbani. Bado lilinuka mafuta ya maganda. Tukatundika picha kwenye misumari iliyokuwa ya kutundikia mizani. Vinyago tukavipanga juu ya chaga za mbao. Watu wakaja na baiskeli zao wakazilaza nje, akina mama na watoto mgongoni, wazee, walimu, mpaka mlangoni pakawa hapapitiki. Wale wasanii waliofundishwa na Mama Neema kusimama na kusema wakasimama na kusema. Bibi mmoja alimsikiliza mchoraji wa Dar es Salaam akieleza picha yake ya rangi tupu, akamwambia, "Pole, mwanangu. Itapona."

Mzee Danieli akaingia na kofia mkononi. Akapita kazi moja moja. Kwenye kinyago changu alisimama.

"Hiki nacho ni nini, Mmakonde? Ndugu yako?"

"Ni wewe ulipozaliwa."

Akapita. Akafika kwa Lidia. Lidia alikuwa amesimama kando ya kazi yake kama alivyofundishwa, mikono nyuma, mdomo mkavu. Mzee akazunguka upande wa mgongo. Akaja mbele. Akainama, magoti yakalia, akatazama uso wa yule mwanamke, jinsi alivyobana jicho moja mafuta ya ganda yasimrukie. Kila mtu aliyewahi kubangua korosho pale ndani alibana jicho lile lile. Kisha akatazama chini, penye kipande cha mti kisichochongwa.

Mama Neema alikuwa amenishika mkono wa shati bila kujua.

"Mkono mwingine uko wapi?"

"Umo humo ndani, mjomba. Sijaufikia."

Akaweka kidole juu ya mti mbichi. Akakisogeza taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

Akakisogeza chini kidogo. Akakaa hivyo, kidole pale, muda. Sijui alikuwa anasikiliza nini. Halafu akasimama, akajipangusa magoti, akavaa kofia.

"Wenzako wamemaliza?"

"Wamemaliza, mjomba."

"Na wewe hujamaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi unafanya nini hapa?" akasema, na sauti ilijaa ghala zima. "Umeacha mkono wa mtu ndani ya mti umekuja kusimama na watu? Rudi ukautoe!"

Lidia hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikwishaanza kulifunga gogo kwa gunia, machozi yakimdondoka juu yake, na nikawaza, vizuri, maji hayo tumeyapata bure. Mama yake akaja mbio na kifurushi cha nguo, ambacho ni wazi kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi. Vijana wakabeba gogo mpaka kwenye pikapu. Mama Neema akakaa usukani, anacheka na kupenga kamasi kwa wakati mmoja, akawasha gari.

Mimi nilibaki nimesimama katikati ya ghala na mdomo wazi. Mzee Danieli akanigeukia.

"Na wewe, Mmakonde," akasema, "unangoja chai? Mtoto wangu anakwenda kazini. Kimbia!"